Kondensa ya mabomba ya shaba au ya vijia vidogo: ipi uchukue, na wapi

Mama mmoja mwenye chumba cha baridi cha samaki hapa Tanga alinijia na makadirio mawili ya bei mkononi. Mashine mbili, uwezo ule ule, gesi ile ile. Tofauti iko kwenye kondensa tu, ile sehemu ya mashine inayotupa joto nje hewani. Ya kwanza ni hii tuliyoizoea, mabomba ya shaba yaliyopita katikati ya mapezi ya alumini, yaani vibati vyembamba vya kutawanya joto. Ya pili ni alumini tupu, nyembamba kama rejeta ya gari, na muuzaji ameipamba kwenye karatasi kwa jina la maikrochaneli, yaani vijia vidogo.

"Fundi, hii nyepesi si ndiyo ya kisasa?"

"Ya kisasa ni kweli, mama. Lakini kwako bahari iko ng'ambo ya barabara."

Hakuridhika na jibu hilo, na ningekuwa yeye nami nisingeridhika. Tukakaa. Haya ndiyo niliyomweleza, nikiyaongezea hesabu ambazo yeye hakuzihitaji lakini wapo watakaozitaka.

Ukizikata kwa msumeno

Ya shaba haina fumbo. Ni bomba la duara, mara nyingi la milimita 7 au lile la tatu kwa nane ya inchi, yaani milimita 9.52, linalokwenda na kurudi mara kadhaa. Mapezi yametobolewa matundu, mabomba yakapitishwa humo, kisha kiwandani wakasukuma kichwa cha chuma ndani ya bomba ili litanuke na kuyabana mapezi. Angalia vizuri: hakuna lehemu kati ya bomba na pezi. Yamebanana tu. Miaka ikipita, kutu ikiingia kwenye ule mbano, joto linapata shida kuvuka hata kama kwa macho kila kitu kiko mahali pake.

Ya vijia vidogo ukiikata bomba lake utaona kitu kama kinanda cha mdomo: bomba bapa, lenye unene wa milimita moja au mbili, na ndani yake matundu kumi na kitu yaliyopangwa mstari mmoja, kila moja likiwa na upana wa karibu milimita 1. Mabomba bapa haya yanaungana pande zote mbili na bomba nene linalogawa gesi. Kati ya bomba bapa moja na jingine kuna pezi la bati jembamba lililokunjwakunjwa kama sketi ya marinda. Likishapangwa, lote linaingizwa kwenye tanuri lililojaa naitrojeni, joto la karibu nyuzi 600, na viungo vyote vinashikana kwa mara moja. Pezi limelehemiwa kwenye bomba. Huo mbano wa kubahatisha haupo.

Kwa nini udogo unalipa

Kimiminika kikipita taratibu bila kuvurugika, joto lililoko katikati ya bomba halina njia ya kufika ukutani ila kupenya tabaka kwa tabaka. Ukuta ukiwa karibu, safari inakuwa fupi. Siri yote iko hapo, na hesabu yake inaingia kiganjani. Kwa bomba la duara linalopashwa joto sawasawa, unachukua 4.36, unazidisha na upitishaji joto wa kimiminika chenyewe, unagawa kwa kipenyo. Maji yana upitishaji wa karibu 0.6. Bomba la milimita 10 litakupa wati 260 hivi kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi 1 ya tofauti ya joto. Bomba la milimita 1 litakupa 2,600. Bomba la sehemu ya kumi ya milimita, 26,000. Hujabadilisha maji, hujaongeza kasi. Umesogeza ukuta tu.

Mwenye bomba kubwa naye ana ujanja wake: anasukuma kwa nguvu mpaka maji yavurugike na kujichanganya yenyewe, na hapo anafikia maelfu bila matundu madogo. Kwa hiyo usione zile namba ukadhani bomba nene ni la kutupwa.

Lakini pale nafasi inapokuwa finyu kabisa, udogo hauna mpinzani. Mwaka 1981 Tuckerman na Pease wa Chuo Kikuu cha Stanford walichonga mifereji ya upana wa maikromita 50 (maikromita elfu moja ni milimita 1) na kina cha maikromita 300 hivi nyuma ya kipande cha silikoni, wakapitisha maji, wakaondoa wati 790 kwa kila sentimita ya mraba huku joto likipanda nyuzi 71. Pasi ya umeme ya wati 1,000, ukiigawa kwa eneo la bati lake la chini, haifiki wati 10 kwa sentimita hiyo moja. Kazi nyingi za kupoza chipu za kompyuta kwa maji zilizofuata zimeanzia kwenye kipande kile.

Sasa deni. Presha inayotakiwa kusukuma kimiminika kwa kasi ile ile kwenye kila mita ya bomba hupanda kwa mraba wa kipenyo: kipenyo kikipungua mara 10, presha inapanda mara 100. Na ukilazimisha tundu hilo moja lipitishe kiasi chote kilichokuwa kinapita kwenye bomba nene, inapanda mara 10,000. Ndiyo maana huwezi kukuta kondensa yenye tundu moja jembamba linalozunguka kama mabomba ya shaba yanavyozunguka. Wanapanga mengi, mafupi, yaende sambamba. Chukua bomba moja la kipenyo cha ndani cha milimita 9. Mdomo wake una eneo sawa na matundu 81 ya milimita 1. Njia ya gesi haijapungua, ila ukuta unaoguswa na gesi umekuwa mara 9.

Kwa pembeni: wasomi wa fani hii wana ugomvi mdogo na jina. Kwa mpango wa majina wa Satish Kandlikar wa Rochester, unaotumika sana, "maikro" ni kuanzia maikromita 10 hadi 200, na kuanzia hapo hadi milimita 3 ni "mini". Kondensa ya muuzaji wetu, yenye tundu la milimita 1, kwa kipimo hicho ni mini. Jina limeshaota mizizi sokoni na halitang'oka, lakini ukikuta kitabu kinasema hivi na karatasi ya bei inasema vile, usidhani umeuziwa kitu kingine. Mimi nitaendelea kusema vijia vidogo.

Mwenye foleni ni hewa

Hapa ndipo ninapoziharibu sifa zote hizo, na ndipo wauzaji wengi wanaponyamaza.

Joto la kondensa lina vituo viwili: litoke kwenye gesi liingie ukutani, kisha litoke ukutani liingie hewani. Gesi inayogeuka kimiminika ndani ya bomba inapitisha wati maelfu kwa kila mita ya mraba kwa nyuzi 1. Hewa inayopulizwa na feni inapitisha makumi. Ukiwa Magogoni, Dar es Salaam, unataka kuvuka kwenda Kigamboni, mageti ya tiketi yakiongezwa kutoka matatu hadi tisa hutafika ng'ambo mapema kama pantoni ni ile ile moja. Ukuta mara 9 kwa ndani ni mageti. Pantoni ni hewa.

Mbona basi kondensa ya vijia vidogo inakuwa ndogo na nyepesi kwa kazi ile ile? Kwa sababu ya nje, si ya ndani. Nyuma ya bomba la duara kuna kivuli, hewa inazubaa pale na kipande kile cha pezi hakifanyi kazi yake. Bomba bapa linakata hewa kama kisu, kivuli hakipo. Pezi limelehemiwa, halikubanwa. Na pezi lenyewe limekatwa vipande vidogo vilivyoinama kama vioo vya dirisha la luva, kila kipande kikianza upya na hewa ambayo haijapashwa. (Kondensa nyingi za shaba nazo siku hizi zina mapezi ya luva, kwa hiyo hilo si la upande mmoja tu.)

Ukitazama kwa makini utaona kwamba vijia vidogo vyenye uamuzi ni vile vya nje, kati ya pezi na pezi. Nafasi ya pale ni kama milimita 1. Piga hesabu ile ile ya mwanzo kwa hewa, ambayo upitishaji wake ni 0.026 tu: unapata karibu wati 100. Ni hesabu ile ile, na deni ni lile lile. Kwenye mwanya wa namna hiyo, ukitaka kupitisha hewa ile ile, presha hupanda kwa mchemraba wa upana. Vumbi likijipaka robo ya milimita upande huu na robo upande ule, mwanya umebaki nusu, na feni inatakiwa kusukuma kwa nguvu mara 8. Feni ya kondensa haina nguvu hiyo. Kinachotokea ni kwamba hewa inapungua, presha ya gesi inapanda, bili ya umeme inapanda, na siku ya joto kali kompresa, ile pampu ya gesi, inajizima. Robo ya milimita ni vumbi la miezi michache tu kando ya barabara ya vumbi.

Kwa hiyo wale wanaouliza "hii ya matundu madogo si itaziba?" wanauliza jambo la maana, ila wanaangalia tundu lisilo lenyewe. La ndani linaziba kwa uzembe wa fundi. La nje linaziba lenyewe.

Kati ya hizi mbili, ipi inastahimili vumbi? Jibu langu linawashangaza watu: ya vijia vidogo ni rahisi zaidi kuosha. Ni nyembamba, kina chake sentimita mbili hivi, uchafu mwingi unabaki usoni na maji yanapita upande wa pili. Ya shaba yenye safu tatu au nne za mabomba huficha tope katikati ambako maji ya bomba la bustani hayafiki. Lakini ya shaba yenye safu moja, kama zilivyo AC nyingi ndogo za nyumbani, haipishani sana na ya vijia vidogo. Na kuna tofauti moja inayouma: mapezi ya kondensa ya shaba yakilala unaweza kuyachana kwa kitana chake, marinda ya vijia vidogo yakigongwa yamegongwa. Kwa zote, osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa feni kwenda nje, kinyume na hewa inavyoingia. Zile dawa kali za kusafishia, za asidi au za sabuni ya magadi, usizisogeze kwenye alumini tupu.

Gesi kidogo, na mizani

Hapa vijia vidogo vinashinda bila ubishi. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo mashine inabeba gesi pungufu, mara nyingi kwa tofauti kubwa.

Zamani hilo lilikuwa suala la bei tu. Tangu Oktoba 2016, nchi zilipokubaliana Kigali kupunguza gesi za kupozea za jamii ya HFC, zinazochangia kupasha dunia joto, limekuwa suala la gesi ipi utaipata baada ya miaka kumi. R410A ina nguvu ya kupasha dunia joto mara 2,088 ya kaboni dioksaidi, R134a mara 1,430, R32 mara 675. Propani, yaani R290, haifiki hata 5. Ubaya wa propani kila mpishi wa jiko la gesi anaujua: inawaka. Kwa hiyo viwango vya kimataifa vinaweka kikomo cha gramu ndani ya mashine moja. Kwa friji za biashara kikomo hicho kilikuwa gramu 150 kwa miaka mingi, kikapandishwa mwaka 2019 hadi karibu 500. Ukiwa na bajeti ya gramu 150, kondensa yenye tumbo kubwa haikufai. Friji nyingi za vinywaji za madukani zinazotumia propani zisingewezekana kwa mabomba manene.

Ila tumbo dogo halina subira. Kondensa ya shaba ukiizidishia gramu 80 itanung'unika kidogo. Ya vijia vidogo ukiizidishia hizo hizo, kimiminika kinarudi nyuma na kujaza matundu ya chini, sehemu ya kugeuzia gesi inapungua, presha inaruka. Kupungua nako ni vivyo hivyo. Gari dogo lenye gramu 450 kwa jumla, gramu 80 ni karibu moja ya tano ya gesi yote. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema "tayari, imepoa" hana kazi na mashine hizi. Lazima avute vakyumu, apime kwa mizani, afuate gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kabla hujachagua kondensa, muulize fundi wako kama ana mizani. Akikwambia ana uzoefu, hana mizani.

Chumvi

Hili ndilo lililomleta yule mama, japo hakulijua.

Kondensa ya shaba na alumini kando ya bahari ni betri. Metali mbili tofauti zinagusana, maji ya chumvi yanazilowesha, na ile dhaifu kati ya mbili inaliwa. Dhaifu ni alumini. Ndiyo maana ukipita nyuma ya hoteli za ufukweni utaona kondensa ambazo mapezi yake yamekuwa unga mweupe, ukiyagusa yanadondoka, huku mabomba ya shaba yamesimama mazima kama mifupa ya samaki aliyeliwa. Gesi bado imo. Mashine bado inanguruma. Haipozi, kwa sababu haina tena mahali pa kutolea joto.

Ya vijia vidogo ni alumini na alumini, kwa hiyo betri ile ndani ya kondensa haipo. Wauzaji wanalisema hili na ni kweli. Wasilosema ni kwamba hapa kinacholiwa, kikiliwa, si pezi peke yake. Ukuta wa bomba bapa ni mwembamba, karibu sehemu tatu za kumi za milimita, na chumvi haili alumini sawasawa kama sabuni inavyoisha, inachimba vishimo. Kishimo kimoja kikifika ndani, gesi yote imekwenda. Viwanda makini vinapaka zinki juu ya bomba ili iliwe yenyewe kwanza, na pezi linatengenezwa kwa aloi dhaifu kuliko bomba ili litangulie kufa. Kondensa ya namna hiyo inadumu vizuri. Ya bei chee isiyo na zinki wala rangi ya kinga, kando ya maji, sitaiweka.

Kwa maneno mengine, zote zinakufa kwa chumvi. Ya shaba inakufa polepole, ukiona. Ya vijia vidogo inaonekana nzima mpaka asubuhi moja.

Kuna mambo madogo yanayoua alumini na watu hawayafikirii. Bomba la shaba likivuja jasho na matone yakadondokea alumini, chembe za shaba zilizomo kwenye maji hayo zinaanzisha vishimo. Kiungo cha shaba na alumini pale kondensa inapokutana na bomba la mashine kinatakiwa kufunikwa kabisa, maji yasifike. Na chokaa: wale wa Zanzibar na Lamu mnaopaka kuta upya, funikeni kondensa kwanza. Chokaa mbichi na saruji mbichi hula alumini.

Shaba nayo ina ugonjwa wake, wa ndani ya nyumba zaidi kuliko wa nje. Mivuke ya asidi kama ile ya siki au ya gundi za samani, ikikutana na unyevu na hewa, hutoboa vijia vya kupindapinda ndani ya ukuta wa bomba. Ukikata na kuangalia kwa hadubini unaona kama kichuguu, na ndilo jina lake hata kwa wataalamu: kutu ya kichuguu cha siafu. Alumini haipati ugonjwa huo.

Ikitoboka

Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085. Kijiti cha shaba na fosforasi tunachotumia kulehemu kinaanza kuyeyuka kwenye 645 hivi. Una nafasi ya nyuzi mia kadhaa za kukosea, na shaba inakuonyesha: inageuka nyekundu, unajua sasa. Kijana aliyemaliza chuo cha ufundi cha VETA anaweza kuziba tundu la bomba la shaba akiwa juu ya ngazi.

Alumini ya kondensa inayeyuka kwenye nyuzi 650 hivi. Kijiti chake cha alumini na silikoni kinayeyuka karibu na 580. Nafasi ni nyuzi 70, na alumini haibadiliki rangi. Iko pale, iko pale, kisha iko sakafuni. Vipo vijiti vya zinki na alumini vinavyoyeyuka chini ya 490, na fundi mtulivu anaweza kuziba navyo tundu la ukingoni. Tundu la katikati, nyuma ya marinda, ni kulikata bomba hilo na kuliziba pande zote mbili, au kununua kondensa mpya. Mimi hununua. Nilishawahi kuokoa moja kwa saa nne za kazi, ikavuja tena kabla mteja hajamaliza kunilipa.

Takataka za ndani ni hadithi hiyo hiyo. Kompresa ikiungua, inamwaga mkaa na vipande vya chuma kwenye mfumo. Bomba la shaba ni njia moja ndefu: unasukuma dawa ya kusafishia huku, uchafu unatokea kule. Vijia sambamba havisafishiki, kwa sababu dawa inapita kwenye matundu yaliyo wazi na kuyaacha yaliyoziba yakiwa yameziba. Mafundi wa magari walilijua hili miaka ya 1990, magari yalipohamia R134a na kondensa hizi zikaenea: kompresa ikifa vibaya, kondensa inabadilishwa pamoja nayo. Anayekuuzia kompresa mpya na kukuachia kondensa ya zamani anakuandalia kununua kompresa ya tatu.

Kwa upande wa kupoza

Kwa kifupi, kwa sababu wengi hawatauziwa. Kama evaporeta, yaani ile sehemu ya ndani inayopoza hewa, vijia vidogo vya kulala vina tabia mbaya: maji ya jasho yanakwama kwenye marinda na hewa inazibwa, na gesi iliyochanganyika na kimiminika haigawanyiki sawa kwenye matundu yote, mengine yanalewa na mengine yanakaa na kiu. Kwenye magari waliyasimamisha mabomba wima ili maji yashuke, na inafanya kazi. Kwa chumba cha baridi chenye barafu, chukua mabomba na mapezi yaliyoachana, usifikirie mara mbili.

Basi ipi

Gari: huna uchaguzi, ni vijia vidogo, nawe tunza tu kwa maji na kwa mizani.

Friji ya duka yenye propani: vijia vidogo au kondensa yoyote yenye tumbo dogo, na usiruhusu mtu aichezee kwa moto.

Mashine kubwa za majengo ya Nairobi, Arusha au Kigali, mbali na chumvi, zenye mkataba wa matengenezo na muuzaji mwenye vipuri: vijia vidogo, kwa moyo mweupe. Uzito mdogo juu ya paa ni faida, gesi kidogo ni faida, na inaosheka. Dodoma pia, mradi ratiba ya kuosha iwe ya kweli na si ya ukutani.

AC ya nyumbani ambayo fundi wake ni yule wa mtaani: shaba. Siyo kwa sababu ni bora, ila kwa sababu kesho ikitoboka itazibwa. Ukumbuke tu kwamba shaba ina wezi wake. Kondensa ya chini, nje ya uzio, huuzwa kwa kilo kabla hujaamka.

Kando ya bahari, ndani ya mita mia kadhaa za maji: shaba yenye mapezi yaliyopakwa kinga. Rangi ya buluu au ya dhahabu peke yake siyo ushahidi, kwa sababu nyingine ni ya kutelezesha maji tu. Taka karatasi inayosema imepakwa nini na imepimwa kwa ukungu wa chumvi kwa saa ngapi. Ukiwa na fedha, zipo zenye mapezi ya shaba pia. Vijia vidogo hapa nitavikubali kwa masharti mawili kwa pamoja: bomba lenye zinki na rangi ya epoksi juu yake, na kondensa ya akiba iliyopo nchini, si ya kuagiza. Samaki hawasubiri meli.

Yule mama alichukua ya shaba yenye mapezi yaliyopakwa. Kijana wake anaiosha kwa maji baridi kila Ijumaa, chumvi isikae. Ile ya vijia vidogo muuzaji aliipeleka Korogwe kwa mteja mwingine, na kwa huko sina neno nayo. Nilimwomba tu aandike kwa kalamu ya rangi, ndani ya mfuniko, gramu za gesi ilizotoka nazo kiwandani, maana kibandiko cha nje jua litakifuta kabla fundi wa kwanza hajaitwa.